Nani Anaua Vifaranga wa Mama Pacha?

Mama Pacha alikuwa mshonaji hodari. Mwaka huo aliongeza kazi ya pili: kufuga kuku. Vifaranga wake aliwaweka stoo, chumba kidogo nyuma ya jiko, chenye mlango mmoja na dirisha moja. Kulikuwa na baridi kali, kwa hiyo aliwawashia jiko la mkaa humo ndani. Vifaranga walilizunguka kama wageni waliosubiri chai.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha vifaranga wakaanza kufa.

Hawakukohoa. Hawakuharisha. Jioni aliwaacha wakichakura, asubuhi akawakuta baadhi wamelala chali. Kesho yake, wengine tena.

"Ni ugonjwa," alisema mumewe, ambaye alikuwa mwashi.

"Ugonjwa gani usio na dalili?" Mama Pacha alishusha sauti. "Baba Pacha, hapa kuna mkono wa mtu."

"Mtu gani?"

Mama Pacha alikitupia jicho tu chumba cha wageni.

Humo alilala wifi yake, dada wa Baba Pacha. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, akarudi kwa kaka yake. Alikuwa mkimya. Ukimpa maneno kumi, anakurudishia mawili. Na moyo wa mtu ni msitu, nani ajuaye kilichomo?

Mama Pacha akaanza kumchunguza. Aliona kwamba kila wifi akitoka stoo, anashika kichwa. Aliona pia kwamba asubuhi na mapema huzunguka nyuma ya nyumba na kulifungua dirisha la stoo. Kwa nini apite nyuma, na mlango upo?

"Wifi, lile dirisha unalifungulia nini?"

"Mle ndani pazito."

"Pazito vipi?"

"Pazito tu, wifi."

Jibu gani hilo? Mama Pacha alitabasamu kwa meno, lakini moyoni alisema: kikulacho ki nguoni mwako. Siku hiyohiyo alichukua nyundo, akalipigilia dirisha misumari. Nyufa za mlango akaziziba kwa mabaki ya vitambaa. Kama kuna sumu inarushwa, ipite wapi sasa?

Asubuhi alikuta vifaranga wamekufa wengi kuliko siku zote.

Hapo angepaswa kujiuliza. Lakini shaka ikishaota mizizi, kila kitu huwa ushahidi. "Ameona namfuatilia," aliwaza, "sasa anaingilia mlangoni. Leo nitamshika mkono ungali chunguni."

Mchana huo mvua ilinyesha. Pacha walikuwa shuleni, Baba Pacha alikuwa kazini. Mama Pacha alisema kwa sauti kubwa, "Wifi, natoka kidogo!" Kisha akanyata hadi stoo, akarudishia mlango, akaketi juu ya gunia la pumba.

Mkaa ulikuwa umekolea, mwekundu, bila moshi hata kidogo. Joto lilikuwa tamu. Alisubiri, akasubiri. Kichwa kikaanza kumgonga. "Ni hasira hizi," alijiambia. Kichefuchefu kikampanda. Mara akasikia nyayo jikoni.

"Nimempata!"

Alitaka kusimama, miguu ikamkatalia. Alitaka kupiga kelele, ulimi ukawa mzito kama jiwe.

"Kuna mtu humo?" wifi aliuliza nje ya mlango.

Mama Pacha hakukumbuka zaidi. Alipofumbua macho alikuwa uani, matone ya mvua yakimpiga usoni. Wifi alikuwa amempakata, huku akipiga yowe kuita majirani. Wakambeba hadi zahanati, akawekewa oksijeni.

Hata aliporudi nyumbani, shaka haikumtoka. "Yule dada yako alinirushia kitu," alimnong'oneza mumewe. "Aliingia tu, nikazimia."

Baba Pacha alichoka na minong'ono. Akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mchangamfu aliyekuja na mkoba na glavu. Daktari alisikiliza kisa chote, akakagua stoo, kisha akampasua kifaranga mmoja aliyekufa. Nyama na damu yake vilikuwa vyekundu kupita kawaida, kama nyanya iliyoiva.

"Ni sumu?" aliuliza Mama Pacha haraka, macho kwa wifi.

"Ni sumu," alisema daktari.

Wifi aliinamisha kichwa.

"Na aliyeiweka ni nani?"

"Ni wewe mwenyewe, mama. Ni ule mkaa wako."

"Mkaa? Mbona haukuwa na moshi?"

"Hapo ndipo wengi tunapopotea. Sumu yake haionekani wala hainuki. Inaitwa kaboni monoksidi. Sikiliza. Ukivuta pumzi, hewa inafika kwenye vifuko vidogo sana ndani ya mapafu. Kuta zake ni nyembamba kuliko nailoni, na vimezungukwa na mishipa ya damu. Oksijeni inapenya, inaingia kwenye damu. Chembe nyekundu zinaipokea kama wapagazi, moyo unazisukuma, zinaipeleka kwenye ubongo na misuli. Halafu damu inarudi na hewa iliyotumika, unaitoa puani."

"Na sumu?"

"Inawang'ang'ania wapagazi haohao. Haiwaachii kwa urahisi. Oksijeni ikija, haina wa kuibeba. Unahema vizuri, lakini mwili wako una njaa ya oksijeni. Ndiyo maana miguu ilikukatalia."

Mama Pacha hakuridhika. "Mimi nilikuwa naingia na kutoka siku zote. Mbona nilikuwa mzima?"

"Ulikuwa hukai. Wao walilala humo. Tena ndege si kama sisi. Ana mifuko ya hewa inayopitisha hewa kwenye mapafu yake akivuta na akitoa pumzi. Na moyo wake unakwenda mbio. Kwa hiyo sumu inamfikia upesi kabla yetu." Daktari alilitazama dirisha. "Nani alilipigilia misumari?"

"Mimi."

"Na kabla ya hapo, nani alikuwa analifungua?"

"Mimi," alisema wifi kwa sauti ya chini. "Nikiingia kuwapa maji, kichwa kinauma. Nikitoka nje, kinaacha."

"Basi waliobaki hai, wewe ndiye uliyewaokoa. Na wifi yako pia."

Siku hiyo Baba Pacha aling'oa misumari, akatoboa matundu ya hewa karibu na paa. Mkaa ukahamia nje, na ikapigwa marufuku kuuingiza chumbani, hata kwa baridi gani. Vifaranga wakawekewa balbu ya joto. Umeme ukikatika, walipewa madumu ya maji ya moto yaliyofungwa matambara. Vifo vile vikakoma.

Jioni moja Mama Pacha alimfuata wifi stoo.

"Wifi, nisamehe. Nilikudhania wewe."

"Nilijua."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nani angenisikiliza? Mtu aliyerudi kwa kaka yake hana sauti."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pacha. Akasema, "Kuanzia leo, sema. Hata nikinuna, sema."

Wifi aliwatazama vifaranga, akavuta pumzi ndefu.

"Basi nasema. Hawa wamebanana mno. Na chombo chao cha maji umekiweka wanapokunya."

Mama Pacha alicheka mpaka vifaranga wakakimbilia kona. Halafu akakunja mikono ya gauni lake. "Haya, wifi. Nionyeshe tuanzie wapi."