Gari la Sabini na Moja

Jumamosi ile yadi ya magari ilikuwa haina pa kuweka mguu. Madalali walikuwa wakikata bei kwa sauti za kukauka, honi zikijaribiwa, vumbi na moshi vimeshikana mashati. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikono, baina ya magari mawili mekundu ya spoti. Kichwa kilimgeuka kulia, kikageuka kushoto, kikarudi kulia tena.

"Kaka, utavunjika shingo," sauti ilisema kutoka chini ya gari.

Akatoka mwanamke amelala chali juu ya kipande cha boksi. Ovaroli ya buluu, kitambaa cha manjano kichwani, hereni ndogo za dhahabu, na chaki nyeupe juu ya sikio. Huyo ndiye Fundi. Mafundi walikuwa wengi pale yadi, lakini ukisema "Fundi" tu, kila mtu alijua ni yeye. Kazi yake ilikuwa kuwakagulia wanunuzi. Aliingia chini, akagonga, akanusa oili, akasikiliza injini, kisha akaandika kwa chaki kwenye kioo cha mbele: vema kwa gari zima, kosa kwa gari bovu. Miaka kumi na moja, hakuna dalali aliyewahi kuifuta alama yake, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuijutia.

"Nachagua mwaka," yule bwana alisema. "Hili ni la mwaka wa sabini, lile la sabini na mbili. Nimeyapima yote mawili kwa futi. Urefu ni uleule."

"Kha! Kwa futi? Unanunua gari au kiwanja?"

"Samahani, dada. Mimi ni mpima ardhi. Sijui kazi nyingine."

Fundi akaangua kicheko, na tangu dakika hiyo yule bwana akawa Mpima.

Mpima akamweleza. Baba yake alikuwa na gari kama lile enzi za ujana, akaliuza watoto walipoanza kuzaliwa. Sasa alitaka alipate tena, lilelile, mwaka uleule. Tatizo, mzee hakuukumbuka mwaka. "Anachokumbuka ni saa. Anasema palikuwa na saa ya mviringo katikati ya dashibodi."

"Basi yote mawili hayakufai. La sabini halina saa, pale katikati wameziba kwa kifuniko. La sabini na mbili waliiondoa wakaweka redio. Saa waliiweka mwaka mmoja tu, kaka. Mzee wako alikuwa na la sabini na moja."

Mpima alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Fundi akajifanya anafuta mikono.

Jambo moja Mpima hakulisema. Mzee alikuwa mgonjwa wa mapafu, na daktari alikwisha kuwaambia wanawe kwamba mwaka hatausalimika. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemfunga mdomo. "Dalali akijua una haraka, atakuchinja bila kisu. Usimwambie mtu wa yadi, hata mmoja." Akanyamaza. Na baadaye, mapenzi yalipoingia, akaendelea kunyamaza kwa sababu nyingine: akiwa na Fundi ndiyo saa pekee ambayo neno ugonjwa halikuwa mdomoni mwake. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Masikini, aliyaficha yasiyo yake.

La sabini na moja la kwanza lilipatikana baada ya wiki tatu. Chesisi ilikuwa imeliwa na kutu. Kosa. La pili injini ilikuwa na ufa. Kosa. Kila Jumamosi walizunguka yadi pamoja, kisha wakakaa kwenye benchi la mama muuza chai, magoti yakigusana. Siku za kazi simu zilifanya zamu.

"Fundi wangu, uko wapi?"

"Niko chini ya lori. Sema haraka, oili inanidondokea."

"Sina la kusema. Nilitaka kusikia tu kama upo."

"Nipo, mpenzi. Na oili sasa imeingia puani, umefurahi?"

Walicheka kama watoto. Lakini siku moja Fundi aliuliza swali lililokuwa likimla usiku na mchana. "Hivi ukishalipata hilo gari, utanitafuta kwa lipi?"

"Nitakutafuta likiharibika," Mpima akamtania.

Utani ule ulimchoma. Fundi alikuwa amewaona wateja kwa macho yake. Wakibembeleza, "dada yangu", "mama yangu", "bila wewe nisingejua". Wakishapata funguo, hata salamu hawana. Mmoja, miaka sita nyuma, alimchumbia kabisa, akapata gari zima, akaondoka nalo na mtu mwingine kiti cha mbele.

Basi likaja la tatu.

Rangi ya krimu, kromu inang'aa, saa ya mviringo katikati ya dashibodi ikitembea tik, tik, tik. Fundi aliingia chini akakaa nusu saa. Aligonga kila mahali akitafuta ubovu. Hakuuona. Injini ilinguruma kwa upole, gia ziliingia bila ugomvi. Gari lilikuwa zima kama lililotoka kiwandani jana.

Mpima alisimama pembeni, mikono imeshikana. "Vipi, kipenzi?"

Jumamosi moja tu, Fundi alijiambia moyoni. Nipate Jumamosi moja zaidi, anizoee kidogo, halafu litakuja jingine. Akachukua chaki, akaandika alama ya kosa.

"Gia zimechoka," alisema. "Na chini limeungwa. Liliwahi kupata ajali mbaya."

Mpima akafumba macho, akavuta pumzi. "Haya. Ukisema wewe, imetosha."

Fundi mwenzake, mzee waliyemwita Gasketi, alimsubiri Mpima aondoke. "Binti, gari lile nimelipitia mimi asubuhi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini hii alama uliyoandika leo ni ya nini?"

"Nitairekebisha, mzee wangu."

"Lini?"

Jumatatu Fundi alirudi na kitambaa kufuta alama. Akakuta nafasi tupu. Tajiri mmoja kutoka mbali, asiyejua maana ya chaki, alikuwa amelilipia na kuliondoa. Jamani, Fundi alikaa chini palepale kwenye vumbi. Wiki nne zilizofuata alipiga simu yadi zote anazozijua na zile asizozijua. Hakuna la sabini na moja popote.

Alhamisi ya wiki ya tano simu yake ikaita.

"Fundi." Sauti ya Mpima ilikuwa nyembamba. "Mzee ametutoka."

"Mzee yupi?"

"Baba. Alikuwa mgonjwa. Sikukwambia, nisamehe."

Alikwenda msibani amevaa gauni jeusi lililombana mabega. Dada yake Mpima alimpokea, akamkumbatia kama wifi. "Wewe ndiye Fundi? Alikujua. Kila asubuhi alikuwa anauliza, 'Yule binti wa chaki amelipasisha?' Tunamwambia bado. Anasema, 'Mwacheni, mtu mwangalifu huyo.'"

Fundi alitaka ardhi ipasuke. Akalia kwa sauti, watu wakamwona ana huruma sana.

Jioni Mpima alikuja kukaa karibu naye kwenye viti vya uani, macho mekundu. "Najipa moyo kwa jambo moja tu," alisema. "Angalau hukuniacha nimpe baba gari la kubabaisha. Kaka yangu alitaka tulichukue lile la krimu hivyohivyo. Nikamwambia, Fundi amekataa."

Fundi angefanya nini? Kumnyang'anya mfiwa faraja aliyobaki nayo? Akanyamaza siku ile, akanyamaza mwezi mzima, na kila siku ukimya ulizidi uzito.

Kisha Mpima akaja gereji mchana, amekonda, shati halikupigwa pasi. Akamshika mikono yenye oili.

"Nimechoka kuwa peke yangu. Nataka nikuoe. Baba amekufa akikuamini, nami sijui mtu mwingine wa kumwamini. Unasemaje?"

Maneno yale, ambayo Fundi aliyaota mwaka mzima, yalimwingia kama ugonjwa. Alijua akisema ndiyo, atalala na uongo ule kitanda kimoja mpaka kufa.

"Lile la krimu," alisema.

"Limefanya nini?"

"Lilikuwa zima."

Mpima hakuelewa. Fundi akasema yote, bila kujitetea: chini ya gari, chaki, Jumamosi moja zaidi. "Nilijua ukilipata utaniacha. Sikujua mzee anaumwa. Wallahi sikujua."

Mpima aliachia mikono yake taratibu. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Gia?"

"Nzima."

"Hakukuwa na ajali?"

"Hakukuwa."

Akakaa juu ya tairi, akaanza kuhesabu kwa vidole, kama mtu anayepima umbali. "Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ule," alisema. "Nilimwogesha mwenyewe asubuhi. Nikamvalisha suruali, soksi, viatu. Nilimwambia, leo huenda nikaja nalo. Akasema nifungulieni dirisha, nataka kulisikia linavyoingia."

"Mpenzi, nisamehe. Nakuomba."

"Akakaa pale mpaka magharibi." Alimtazama Fundi usoni, machozi yakishuka bila sauti. "Siku ile alikuwa bado anaweza kukaa, Fundi. Kesho yake hakuweza tena."

Akainuka, akatoka. Fundi alimfuata mpaka mlangoni akimwita, akimwita, na Mpima hakugeuka hata mara moja.