Maji Chini ya Mbao

Kila alasiri, akitoka shule, Chechele alipitia nyumbani kutupa mkoba kitandani na kubadili sare, kisha akashuka mbio hadi ukingoni mwa ziwa. Huko ndiko kulikokuwa na kazi yake.

Mama yake alilima bustani ndogo upande wa pili wa ghuba. Alfajiri alivuka kwa mashua yao, akipiga makasia peke yake, na kabla jua halijawa kali alikuwa amesharudi na tenga la nyanya au kabichi za kuwapelekea wauza mboga. Mashua aliiacha palepale ukingoni. Mgongo wake ulikuwa haumruhusu tena kuinua vitu vizito, kwa hiyo kuikausha mashua kulikuwa juu ya binti yake.

Chechele halikuwa jina lake la kuzaliwa. Baba ndiye aliyembandika jina hilo la msahaulifu, siku aliyomtuma misumari dukani na yeye akarudi na mkate. Jina likamganda, na hata mama mwenyewe alilizoea.

Baba alikuwa seremala. Mashua aliitengeneza uani, kwa mikono yake, huku majirani wakimtania kwamba siku ya kuitoa itabidi avunje nyumba. Nyumba haikuvunjwa, ila lango liling'olewa lote, na baba alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyohiyo alimwita binti yake ukingoni akamwonyesha tundu dogo lililokuwa nyuma ya mashua, karibu na chini kabisa, lililozibwa kwa kizibo cha mti.

"Tazama, Chechele. Mbao ikilowa asubuhi ikakauka jioni, haina neno. Lakini maji yakilala hapa, chini ya hizi mbao za kukanyagia, mahali macho yako hayafiki, itaoza kimyakimya. Kwa hiyo kila mashua ikirudi, unainua pua yake juu ya gogo, unatoa kizibo, unanyanyua mbao za kukanyagia, halafu unapitisha tambara kila kona. Ukimaliza, iache wazi ipigwe na hewa."

"Hata kama haikuingiza maji, baba?"

"Mashua isiyoingiza maji bado haijatengenezwa, mwanangu. Hata miguu yetu inayaleta."

Baba aliugua mwaka uliofuata, na hakupona. Vifaa vyake vikatundikwa ukutani sebuleni: randa, msumeno, patasi na nyundo. Mashua ikaendelea kuvuka ghuba. Mama hakuwa mtu wa kulialia mbele za watu, lakini alisema kwamba akiwa ndani ya mashua ile hajisikii mjane.

Kwa muda mrefu Chechele aliifanya kazi yake vizuri. Aliinua, alikausha, alipangusa, na jioni kabla ya kurudi nyumbani alirudisha kizibo mahali pake. Kisha akachaguliwa timu ya netiboli ya shule. Furaha yake haikuwa na kipimo. Mazoezi yalikuwa alasiri, na mwalimu wa michezo hakutaka kusikia habari za mtu kuchelewa.

Mwanzoni alikwenda ziwani baada ya mazoezi, miguu ikimuuma. Baadaye akaanza kutoa kizibo tu, akangoja maji yachuruzike kidogo, akakirudisha bila kunyanyua mbao. Mvua zilipoanza, kuna siku hakushuka kabisa.

Siku ya kwanza ya namna hiyo mama alimuuliza, akiwa anakatakata vitunguu, "Umeshaikausha mashua, mwanangu?"

Chechele alikuwa amekusudia kusema kwamba amechoka. Lakini ulimi ulimtangulia.

"Nimeikausha, mama."

"Ahsante. Sijui bila wewe ningefanya nini."

Maneno hayo yalimchoma. Alikula kwa shida jioni ile, akajiapiza kwamba kesho atashuka. Kesho ikaja na mvua yake. Mama akauliza tena, naye akajibu tena, na safari hii jibu lilimtoka bila kukwama. Miezi mingi ikapita hivyo. Siku moja alinyanyua ubao mmoja wa kukanyagia akakuta maji meusi yenye utelezi, na harufu kama ya majani yaliyooza kwenye ndoo. Aliurudisha upesi kana kwamba ameona kitu cha aibu. "Jumamosi nitaisafisha yote," alijiambia. Jumamosi ilipofika, palikuwa na mechi.

Jumamosi moja isiyokuwa na mechi walivuka pamoja. Chechele aliipenda sana safari hiyo. Alikaa nyuma, mama katikati akivuta makasia, wakazungumza habari za shule na za watu. Wakati wa kurudi walikuwa wamejaza matenga mawili. Ukingo ulikuwa unaonekana vizuri, hata watu waliokuwa wakifua nguo, pale tenga moja lilipoegemea upande. Mama aliweka makasia, akasimama, akapiga hatua moja kuja nyuma ili alishike.

Ubao ulikatika. Mguu wa mama ukazama hadi juu ya goti, ukapita mbao za kukanyagia, ukapita na zile za chini, na maji yakafoka kupitia tundu hilo kama yaliyokuwa yamefungiwa.

"Mama!"

"Shika tenga! Hapana, liache! Jishike ubavuni!"

Nyanya zilielea kila upande. Mama alivuta mguu, mbao zilizovunjika zikamchana nyama ya muundi, na maji yakabadilika rangi. Mchota mchanga mmoja aliyekuwa karibu aligeuza mashua yake akaja kasi, akamshika mama chini ya makwapa, akamvuta, kisha akamwokota Chechele aliyekuwa ameng'ang'ania kasia, meno yakimgongana.

Zahanati walimshona mama jeraha refu. Muuguzi alisema wana bahati hawakuwa mbali na ukingo. Chechele alisikia neno bahati, akatazama chini.

Siku ya pili yake fundi wa mashua alikuja nyumbani. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, na Chechele alimwita baba mdogo. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda alichotandikiwa sebuleni, mguu juu ya mto. Jirani mmoja alikuwa amekuja kumjulia hali.

"Pole sana, shemeji," fundi alisema. "Watu wameivuta nchi kavu, nami nimeikagua. Upande wa nyuma kisu kinaingia kama kwenye mkate. Chini kote kumeoza."

"Kumeoza? Mbona bado ni mpya?"

"Ndilo linalonishangaza. Hebu niambie, maji huwa yanalala humo ndani?"

"Hata kidogo," mama alijibu bila kusita. "Binti yangu anaikausha kila siku. Kwa hilo simtilii shaka."

Chechele alikuwa mlangoni, sinia ya chai mkononi. Aliiweka sinia mezani.

Fundi alijikuna kidevu. "Basi kama ni hivyo, sipendi kulisema, lakini huenda marehemu aliuziwa mbao mbichi."

"Au alifanya haraka," jirani aliongeza. "Labda ugonjwa ulikuwa umeshamuanza. Mtu akichoka, analipualipua."

Mama alisema polepole, kama anayejisemea mwenyewe, "Aliniambia kila ubao aliuchagua kwa mkono wake. Kumbe alinificha."

Akageuzia uso wake ukutani.

Chechele alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba. Alitaka kurudi ndani aseme, lakini alingoja hukohuko mpaka fundi na jirani walipoaga. Kesho yake alipokwenda bombani kuteka maji, habari zilikuwa zimemtangulia. "Ile mashua nusura iwaue," mwanamke mmoja alikuwa akisema. "Kazi ya bandia. Na jinsi yule seremala alivyokuwa akijisifu!" Wengine waliguna. Chechele alijaza ndoo yake bila kuinua kichwa, na maji yalimwagika njia nzima.

Alipofika nyumbani, mama alimwita.

"Chechele, panda kwenye kiti uvishushe vifaa vya baba yako. Kamgawie fundi, yeye atavitumia."

"Vyote, mama?"

"Vyote. Kila nikivitazama najiuliza ni mangapi mengine hakuniambia. Sitaki kumfikiria hivyo. Vitoe."

Chechele alipanda kwenye kiti. Alishika randa, mpini wake ukiwa umelainika kwa kushikwashikwa, akashindwa kuitoa msumarini. Alishuka, akapiga magoti kando ya kitanda cha mama, akaangua kilio.

"Baba hakukuficha kitu, mama. Ni mimi. Nilikuwa siikaushi."

"Unasema nini?"

"Mashua. Nilikuwa siikaushi. Nilikuwa nakwenda mazoezini."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoingia timu."

"Na kila nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya, mama. Sasa hata bombani wanamsema baba, nami nasikia."

Alingoja apigwe, au afukuzwe, au atukanwe. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Alijifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hata siku ya mazishi Chechele hakumwona akilia namna ile, kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

"Tangu jana nimekuwa nikigombana na mtu aliye kaburini," alisema hatimaye. "Nimemwita mwongo moyoni mwangu. Mume wangu! Nimemlaumu mtu asiyeweza kunijibu."

"Nisamehe, mama."

"Kesho utakwenda kwa fundi umwambie kwa mdomo wako. Njiani utapita bombani, uwaambie na wale. Wamemsema mbele yako, wewe nawe umsafishe mbele yao. Kusamehewa tutazungumza baadaye. Leo siwezi, mwanangu. Leo siwezi."

Bombani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Wanawake waliacha ndoo zikifurika. Chechele alisema maneno machache tu: baba yake hakulipua kazi, mashua imeozeshwa na yeye kwa kutoikausha. Hakuna aliyecheka. Mmoja alifunga bomba, na yule aliyeiita kazi ya bandia alitazama miguu yake.

Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akavua kofia. "Nami nilimtia doa bure," alisema. "Rafiki yangu wa siku zote. Njoo uone."

Ukingoni, mashua ilikuwa imepinduliwa. Sehemu ya chini haikuweza kuponywa, ilibidi mashua yote ibomolewe. Fundi alipenyeza patasi karibu na ukingo wa juu, mahali ambapo maji hayakuwahi kulala, akatenganisha mbao mbili zilizokuwa zimeshikana. Upande wa ndani ulikuwa mkavu, umenyooka, rangi yake ile ile ya siku ulipopigwa randa.

"Nusa," alimwambia.

Chechele aliinama akanusa. Ilikuwa harufu ya uani kwao: maranda mabichi, na baba akipiga mluzi, shati limeloa jasho. Kwa kitambo kile baba alikuwa karibu kabisa. Aliukumbatia ubao ule akalia, akijua kwamba mashua yote ingekuwa hivyo hadi leo kama angekuwa anashuka ziwani na tambara lake.

Fundi alimwacha alie. Alipotulia, alimpa koleo.

"Misumari haijitoi. Anza upande ule."

Ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Alasiri Chechele aling'oa misumari na kuinyoosha. Alimweleza mwalimu wa michezo ukweli wote, na mwalimu akampa ruhusa. Asubuhi, kabla ya shule, alizunguka ghuba kwa miguu pamoja na mama, aliyekuwa akichechemea, tenga likiwa kichwani mwa binti. Njia ilikuwa ndefu, nao hawakuzungumza sana. Asubuhi moja mama alimwekea mkono begani ili ajiegemeze, na hata walipofika mahali pasipo na mawe, hakuuondoa.

Kutokana na mbao zilizosalimika, fundi aliunda kijimashua kipya. Kilikuwa kizuri, lakini kidogo, cha kubeba mtu mmoja na tenga lake. Mashua ya baba haikuwapo tena. Siku ya kukishusha majini mama alisimama akikitazama kwa muda, kisha akamvuta binti yake karibu.

"Mwanangu, nimekusamehe. Lakini nataka ulijue jambo hili mpaka ukubwani. Ungeniambia siku ile kwamba umechoka, ningeshuka mwenyewe na mgongo wangu huuhuu, au tungeiomba timu ikubadilishie siku. Uchovu tungegawana. Uongo ulikaa nao peke yako, ukakua, mpaka ukamfikia baba yako alikolala. Kazi usiyoweza kuifanya, sema huiwezi. Na ile unayosema umeifanya, iwe kweli umeifanya, hata kama hakuna atakayefunua kutazama."

"Nimesikia, mama."

"Kosa ulilisema mwenyewe, na lilikuwa zito. Kwa hilo baba yako asingekuonea haya."

Mama akaingia, akashika makasia. Chechele alikisukuma kijimashua hadi maji yakamfika magotini. Alizoea kuruka ndani wakati huo, akakaa nyuma, wakavuka wakizungumza. Sasa hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili. Aliachia, akabaki amesimama majini akimtazama mama akienda na kuwa mdogo, kisha akarudi ukingoni, akakaa kumngoja.