NILIMNYOOSHEA KIDOLE MWENYE GARI LENYE BIMA

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni.

Niliona meno yake mawili yakidondokea kwenye shati... na bado hakumwachia mwanangu aliyekuwa mikononi mwake!

"Mpelekeni mtoto hospitali kwanza," alisema, damu inamtiririka kidevuni. "Mimi mtanipiga baadaye."

Jiwe la pili likampata jichoni.

Jamani, aliyesababisha apigwe ni mimi. Mimi Recheli, mama wa watoto watatu, mkulima, jirani na Kipalapala hapa Tabora. Elimu yangu darasa la saba, nikikosea kuandika mnivumilie. Lakini msome, hasa nyie mnaotuma watoto dukani ng'ambo ya barabara.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nimeinama napalilia karanga. Binti yangu Josepha, miaka tisa, nimemtuma chumvi.

Nikasikia kishindo. Halafu gari likivuma kwa nguvu. Halafu kimya...

Nilitupa jembe nikakimbia. Nafika barabarani, vumbi halijatulia, nakuta pikapu imesimama, mlango wazi. Mzee mmoja wa Kiarabu amembeba Josepha. Mguu wa mwanangu unaning'inia kama si wake. Mfupa uko nje!

Yule mzee nilikuja kujua baadaye anaitwa Humaidi, ana duka mjini.

Kabla sijafungua mdomo, mtu akatokea mbio kwenye kona, anahema.

Leodgar! Leodgar wa Bima ndivyo tunavyomwita. Bodaboda wote wa huku wanakata bima kwake. Suruali imepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni.

"Ndiye huyu!" akapiga kelele. "Kamgonga, sasa anataka kumpakia akamtupe porini! Mama Josepha, si ndiye huyu?"

Sikuona kitu mimi. Nilikuwa nimeinama.

Lakini damu ya mtoto wako ukiiona, akili inahama. Nikanyoosha kidole.

"Ndiye! Kaniulia mwanangu!"

Watu walitoka wapi sijui. Bodaboda, vijana wa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, kina mama wenye mipini ya majembe. Walimnyang'anya mtoto, wakamlaza mzee chini. Walimpiga kwa mawe, kwa mateke, kwa mnyororo wa pikipiki. Nilisikia mbavu zikilia kama kuni kavu.

Mmoja akafyonza petroli kwenye pikipiki yake. Pikapu ikawaka moto.

Mimi wakanipakia bajaji na mwanangu. Nilipogeuka nyuma, nilimwona Leodgar naye yumo, anapiga mateke kuliko wote.

Polisi ndio waliomwokoa mzee. Tukakutana naye hospitali ile ile. Sisi wodi ya watoto, yeye wodi ya wanaume, hajitambui, mkono umefungwa pingu kitandani.

Daktari akaniita pembeni.

"Mama, mfupa umekatika vipande. Anatakiwa kuwekewa chuma, tena mapema. Ukichelewa mguu utaoza, tutaukata."

Nikampigia mume wangu, Emilian, yuko Igalula kwenye tumbaku.

"Nauza maksai wote wawili leo hii," alisema.

Nikakata simu nalia. Nageuka, Leodgar huyu hapa! Ameleta juisi na machungwa.

"Dada Recheli, mwambie shemeji asiuze ng'ombe. Mtalima na nini mwakani? Namba ya gari ya yule Mwarabu nimeiangalia kwenye simu. Inasoma! Bima yake hai kabisa. Fidia iko nje nje!"

"Lakini jirani yangu Anifa anasema aliona gari ndogo ya bluu inakimbia..."

Akacheka.

"Anifa yule anayesalimia mbuzi akidhani mtu? Na hata kama ipo, gari inayokimbia huwa ina bima? Utamdai nani sasa, vumbi?"

Nikaanza kumenya chungwa la mtoto.

"Polisi wanataka shahidi aliyeona," akasema. "Shahidi ni wewe."

"Mimi nilikuwa napalilia, kaka. Sikuona."

"Mguu ni wa nani, dada? Wangu?"

Nikaenda polisi. Nikasema nilimwona mzee Humaidi akimgonga mwanangu, nilimwona kwa macho yangu mawili. Mwenzangu kule wodini jicho limebaki moja.

Anifa alinifuata hospitali.

"Mama Josepha, muogope Mungu. Ile gari ilikuwa ya bluu."

"Nyamaza! Umehongwa pilau na Waarabu wewe!"

Akaweka chini chupa ya uji aliyokuwa amemletea mwanangu, akaondoka.

Leodgar akajaza fomu ya madai. Aliandika haraka haraka, karatasi imejaa. Fomu yenye maelezo machache inarudishwa, alisema, yeye anaijua hiyo kazi.

"Saini hapa. Na hapa."

Kusoma najua. Lakini nasoma polepole, kwa kufuatisha kidole, na niliona aibu mbele ya mtu wa kalamu tatu. Nikasaini.

Siku zikaanza kwenda.

"Wiki hii hii," Leodgar anasema.

Emilian anapiga: "Niuze maksai?"

"Subiri, baba. Fidia iko njiani."

Josepha kichwa chake kiligongwa, kuhusu ajali hakumbuki kitu. Anachojua ni maumivu. Siku ya tisa mguu ukaanza kunuka. Mama wa kitanda cha jirani akahamisha mtoto wake. Na mimi bado nasema subiri!

Siku ya kumi na mbili akaja mkaguzi wa kampuni ya bima. Kijana wa miwani, mpole, hana haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hela zimetoka?"

"Bado. Mama, hii fomu umeisoma?"

"Nimesaini."

"Sikuuliza hivyo. Isome. Kwa sauti. Mimi nasubiri."

Nikaweka kidole kwenye karatasi. Nikasoma neno moja moja, kama mtoto wa darasa la pili...

"Mtoto... alikuwa... ameinama... katikati ya barabara... akiokota chumvi... iliyomwagika. Dereva alipiga honi... mara mbili. Mtoto... hakuinuka."

Nikaacha kusoma hapo hapo.

"Haya maneno kasema nani?" nikamuuliza.

"Wewe, mama. Sahihi si yako?"

"Sikusema mimi! Sikuona kitu, nilikuwa shambani. Chumvi imemwagika nimejulia wapi?"

"Jirani yeyote aliona?"

"Anifa aliona gari la bluu likikimbia tu. Alikuwa kisimani."

"Na mtoto?"

"Hakumbuki."

Kijana akavua miwani.

"Basi mama, mtu aliyeandika hii alikuwa wapi mpaka akaona chumvi?"

Jamani! Kumwona mtoto ameinama, kuhesabu honi, kuona hakuinuka. Hayo anayaona mtu mmoja tu. Mtu aliyeshika usukani!

Leodgar.

Ndiyo maana alitokea kwenye kona anahema, na polisi akanisukuma mimi niwe shahidi. Alimgonga mwanangu, akaficha gari lake mbele, akarudi kwa miguu kutafuta wa kumbebesha, akamkuta mzee Humaidi aliyesimama kumsaidia mtoto. Na alipofika kwenye fomu, mazoea ya kazi yakamponza. Akajaza maelezo yote, kama yalivyokuwa.

Kijana hakunificha.

"Ukisema ukweli, mama, kampuni yetu hailipi kitu. Gari la mzee Humaidi halikumgonga mtoto. Na aliyemgonga, kama alikimbia, basi huenda hana bima. Ukishikilia hii fomu, labda ukapata. Lakini yule mzee ataozea jela."

Nikamtazama Josepha. Amelala, midomo imekauka, mguu umefungwa bendeji zinazovuja.

Mama mwenzangu, usinihukumu. Ile fomu niliishikilia muda mrefu kabla sijairudisha.

"Andika ukweli," nikasema. "Andika kabla sijageuka."

Akaandika. Safari hii nilisoma yote ndiyo nikasaini. Yeye akaenda polisi. Mimi nikampigia Emilian, nikamwambia neno moja: uza. Nikaenda nyumbani mara moja kuchukua kanga za kumbadilisha mtoto.

Nafika uani... Leodgar kakaa kwenye kigoda changu!

"Nasikia mkaguzi kaja. Kakuuliza nini?"

Kijana aliniambia nisimwambie mtu. Lakini ulimi wa mama mwenye uchungu haufungwi na kamba.

"Alikuwa anaokota chumvi, Leodgar?"

Akainuka kwenye kigoda.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Umeandika."

Alinirukia kama chui. Mikono yote miwili shingoni! Nikaanguka chali, kichwa kikagonga jiko la mawe. Ananikaba, machozi yanamtoka, mate yananidondokea.

"Nilipiga honi!" analia. "Mara mbili! Kwa nini hakuinuka? Kwa nini?"

Macho yangu yakaanza kuona giza. Mkono ukapapasa chini, ukakutana na mchi wa kinu.

Nikampiga nao kiwiko. Kikalia ta! Akaniachia. Nikampiga goti. Akaanguka anabweka kama mbwa aliyekanyagwa. Nikainua mara ya tatu, sasa nalenga kichwa...

"Mama Josepha!"

Ni Anifa, kaja mbio. Nyuma yake bodaboda wale wale wa siku ile. Dakika moja tu wameshajua habari yote.

"Leo tunamchoma!" mmoja anasema, tayari kashika kidumu cha petroli.

Nikatupa mchi, nikamkalia Leodgar kifuani.

"Hamumgusi!"

"Mama, toka hapo! Si ndiye huyu?"

"Ndiye! Lakini akifa, nani ataenda kusema yule mzee hana kosa? Mimi muongo, polisi wataniamini tena? Nataka aseme kwa mdomo wake!"

Rungu likatua mgongoni kwangu. Nikapiga kelele lakini sikutoka. La pili likanivunja kidole. Anifa akaja akanilalia juu, naye anapiga mayowe, mpaka polisi wakafika.

Leodgar alisema yote. Gari la bluu lilikutwa nyuma ya nyumba yake Itetemia, chini ya turubai, taa ya mbele imevunjika. Polisi wakaingiza namba kwenye simu.

Haikusoma! Bima iliisha miezi mitano nyuma. Anawauzia bima wilaya nzima, gari lake mwenyewe analiendesha hivi hivi! Kuliko mtu yeyote barabara ile, yeye alijua akikamatwa ni jela na kufilisika.

Maksai waliuzwa siku ile ile. Lakini tulichelewa. Mguu wa Josepha ulikatwa chini ya goti. Ungepona kama ningeuza siku ya kwanza, daktari aliniambia hivyo, hakunionea huruma. Fidia hakuna, kesi inapigwa tarehe tu. Na mimi niko nje kwa dhamana, kwa kusema uongo polisi.

Ndiyo maana naandika, wenzangu. Mtoto akigongwa, mtibu kwa ulicho nacho, fidia ije ikukute umeshamtibu. Karatasi isome hata kwa kidole, acha wakucheke. Na usichokiona usiseme umekiona, hata kama mwenye gari lenye bima ndiye pekee wa kukulipa.

Jana nilikwenda kwa mzee Humaidi kuomba msamaha. Nilipiga magoti barazani. Mzee alikuwa amekaa na kitambaa jichoni.

"Mtoto anakula vizuri?" aliuliza. Basi.

Mke wake, bibi Zeyana, alinisindikiza mpaka mlangoni. Pale akanishika mkono.

"Siku zile mume wangu hajitambui," alisema, "niliswali nikamwomba Mungu mtoto wako afe. Kila swala. Nisamehe."

"Nimekusamehe, bibi."

Nikasimama pale, nasubiri na yeye aniambie amenisamehe.

Akafunga mlango taratibu.