Luga Tano Ile Nilifuta

Jina langu ni Tharcisse. Niko fundi wa kushona nguo hapa Bunia. Leo nitawaambia ubaya nilimufanyia mutoto wangu mwenyewe. Musinitukane mbele ya kumaliza kusoma. Kisha mutasema vile munataka.

Kwetu ni Butembo, lakini tuliishi miaka kumi Aru, karibu na mupaka wa Uganda. Mutoto wetu Plamedie alikulia kule, kisha tukahamia hapa Bunia. Hata hapa, ungekuja kwetu asubuhi ungesikia kelele ya luga. Mama yake, Kahindo, anamuita kwa Kinande aje kuchagua muchele. Mutoto anaitika kwa Kinande. Mama mumoja wa Aru anapita na ndizi. Plamedie anapatana naye bei kwa Kilugbara, wanacheka pamoja. Simu inalia, anajibu kwa Lingala. Mimi nilikuwa nasema, "Ee, acheni makelele!" Kwangu mimi, luga ya mutu mwenye kusoma ilikuwa moja tu: Kifaransa.

Nilipata wapi ile mawazo? Nikiwa mutoto, ukisema luga ya nyumbani kwa masomo, mwalimu anakufungia kipande cha mbao kwa shingo. Tuliita ile mbao "simbole". Unatembea nayo siku muzima, wenzako wanakucheka. Mimi niliivaa mara mingi. Ile haya haikunitoka.

Plamedie iko na diplome, lakini alikaa nyumbani miaka mbili bila kazi. Alianza kusema kidogo na kula kidogo. Siku moja akasikia shirika moja la afya linatafuta mutu. Akaandika CV yake kwa mukono, lakini homa ikamushika. Akaniita.

"Papa, unipelekee hii kwa secrétariat, baiandike kwa mashini. Kisha uiache kwa biro yao. Ni leo njo mwisho."

Kwa njia nikasoma ile karatasi. Wee! Mutoto ameandika: Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Kinande, Kilugbara, Kiingereza kidogo.

"Kilugbara kwa barua ya kazi?" nikasema peke yangu. "Batasema ni muuza ndizi!"

Nikafika kwa Fiston, yule mwenye mashini ya kuandikia.

"Uache Kifaransa tu," nikamuambia. "Ingine yote ufute."

Fiston akaniangalia. "Papa, mutoto anajua?"

"Weye piga tu!"

Nikafunga bahasha mimi mwenyewe, nikaipeleka. Nilirudi nyumbani nikifurahi, eti nimemusaidia mutoto.

Wiki tatu ikapita. Hakuna simu. Plamedie alikuwa anaangalia ile simu yake mupaka chakula inapoa.

Siku ya Mungu, kisha kanisa, jirani yetu Madeleine akaingia. Madeleine ni mukalimani kwa tribinali. Mutu akiwa hajui Kifaransa, yeye njo anamuelezea maneno ya muamuzi kwa Kialur, na anarudisha jibu lake. Akakaa, akatikisa kichwa.

"Ni huzuni," akasema. "Lile shirika la afya linatafuta mutu wa Kilugbara. Jana baliniita nibasaidie kuchagua. Tumesoma makaratasi yote. Hata mumoja! Kesho batatafuta fasi ingine."

Plamedie akaweka kikombe chini. "Mama Madeleine, mimi niliandika Kilugbara!"

"Apana, mwanangu. Niliona karatasi yako kwa macho yangu. Luga: Kifaransa. Basi. Nilishituka, sababu nakusikia kila siku hapa. Lakini kule banachagua kwa karatasi tu."

"Niliandika! Niliandika luga sita!"

Kisha akageuka, akaniangalia. "Papa?"

 Nikasema yote. Kahindo akapiga mikono. "Yesu! Tharcisse! Ulikata mutoto kama kitambaa?"

Plamedie hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliuliza polepole, "Papa, ulikuwa unaona haya juu yangu?"

"Apana, mama. Nilikuwa naona haya juu yangu mimi."

Nikalia mbele ya mutoto, mbele ya jirani. Madeleine aliacha nilie kidogo, kisha akasema, "Bon. Kulia hakuandike CV. Plamedie, leta karatasi."

Akamuonyesha vile inafanywa. "Andika luga yote, hata ile ndogo. Kwa kila moja, sema kama unaisikia, unaisema, unaisoma, unaiandika. Usidanganye. Kama Kiingereza ni kidogo, andika kidogo."

"Na ile ya nyumbani kweli inaleta kazi?" nikauliza.

"Papa Tharcisse! Mimi ninakula nini? Lopitali inataka bakalimani. Radio inataka batu ba kusoma habari. Duane ya Aru, pale banalipisha kodi kwa mupaka, inataka mutu wa kusikilizana na bafanya biashara. Benye kuandika vitabu bya batoto banataka batafsiri. Benye kuuliza batu maulizo kwa vijiji banataka mutu mwenye kusikia jibu. Lakini kusema luga peke yake haitoshe. Kazi iko na sheria. Hauongeze neno, haupunguze neno, na siri ya mutu unaichunga."

Kesho yake, asubuhi sana, tulikuwa kwa biro ya lile shirika. Mukubwa ni mama mumoja anaitwa Solange. Mimi njo nilisema kwanza. Nilieleza kosa langu. Mama Solange akasoma karatasi mupya. Hakucheka.

"Tumuone kwa kazi," akasema.

Akatupeleka kwa kituo cha afya pale karibu. Ndani kulikuwa mama muzee wa Aru, anaitwa Godelive. Kidonda chake kwa muguu hakiponi. Ilikuwa mara yake ya tatu kuja.

"Kila mara ninamuelezea dawa," infirmière, muuguzi wa pale, akasema. "Kila mara anajibu ndiyo."

Plamedie akachuchumaa, akamusalimia kwa Kilugbara. Yule mama akamushika mukono na mikono yote mbili. Akaanza kusema, akasema, akasema.

Mimi nilisikia. Miaka kumi Aru!  Nikaruka, nikamuambia kwa Kilugbara, "Mama! Namna gani ulifanya vile?"

"Papa, unyamaze," Plamedie akasema. "Niache nitafsiri. Hatuongeze, hatupunguze."

Akageukia infirmière. "Anasema: ile dawa ninakunywa kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja mangaribi. Tumbo inaniuma sana."

"Kunywa?" Infirmière akafunika kinywa na mukono. "Mungu wangu! Ile ni dawa ya kuosha kidonda!"

Wakaita munganga wa kituo mbio. Walimutunza mama Godelive, akapona tumbo na muguu. Siku ile, infirmière alimuuliza kupitia Plamedie, "Sababu gani ulikuwa unasema ndiyo?"

"Niliona haya," yule mama akajibu. "Kila mutu hapa alikuwa anasema luga ya masomo."

Nilitoka inje. Sikuweza kusimama pale.

Plamedie alipewa miezi tatu ya kujifunza na kujaribiwa. Leo ni mwaka. Wagonjwa wa Aru wanamuulizia kwa jina. Kwa nyumba anakula vizuri, na kelele ya luga imezidi.

Juma iliyopita mama Solange alinitumia neno. Siku Plamedie hayuko, wanahitaji mutu wa kushika nafasi yake. Akaniomba CV yangu. Yangu mimi, fundi wa kushona!

Nikaenda kwa Fiston. Akakaa kwa mashini yake, akaniangalia na jicho la uchokozi.

"Papa Tharcisse, tunaacha Kifaransa tu? Ingine nifute?"

"Ufute nini?" nikamuambia. "Piga yote. Uanze na Kinande."