Roboti Iliyomkataa Clinton

Kila siku baada ya vipindi, Loyce alifagia chumba cha klabu ya sayansi pale shuleni Kwamndolwa, akafunga mlango vumbi lisiingie, kisha akaiweka roboti yake sakafuni. Ilifuata mstari mweusi vizuri kabisa. Tumboni ilikuwa na kihisi kilichotoa infraredi, mwanga ambao macho hayauoni, na kuupokea ukirudi kutoka sakafuni; mstari mweusi uliurudisha kidogo tu. Maikrokontrola, yaani ubongo wake, ndiyo iliyoamua magurudumu yageukie wapi.

Tatizo lilikuwa Clinton. Akiingia tu, roboti inaacha mstari na kugonga dawati! Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Na Jumamosi walitakiwa kwenye maonyesho Handeni.

"Huyu ana jambo lake," Loyce alimnong'oneza Salome, mwenzake wa klabu. "Hajafurahi mimi kuchaguliwa kiongozi."

Tangu hapo akawa anamwinda Clinton kwa macho. Jumatano roboti ilipopotea tena, uzalendo ukamshinda. Akampekua begi mbele ya wenzake. Lo! Madaftari tu, na kipande cha tyubu cha baba yake, fundi baiskeli.

"Mwalimu, mtoe kwenye klabu! Anatuharibia!" Loyce alimlalamikia Mwalimu Hosiana, mlezi wa klabu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia.

"Sijawahi hata kuigusa," Clinton alisema, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu Hosiana hakumgombeza mtu. "Clinton, chuchumaa karibu nayo. Salome, funga mlango."

Roboti ikazunguka mstari wote bila kosa. Loyce akakodoa macho.

"Sasa Clinton, toka nje, uache mlango wazi."

Jua la alasiri likaingia hadi kwenye mstari. Roboti ikayumba, ikagonga dawati.

"Clinton yuko nje. Nani kaiharibu?"

Loyce akatazama sakafu iliyomulikwa. "Jua, Mwalimu."

"Naam. Jua nalo lina infraredi, tena nyingi, kihisi kinachanganyikiwa. Clinton huchelewa kwa zamu ya kumwagilia bustani, ndiyo maana yeye ndiye anayefungua mlango na kuuacha wazi."

Aibu ikamjaa Loyce. "Nisamehe, Clinton. Nimekuonea."

Clinton akafuta machozi. Kisha akachukua kile kipande cha tyubu. "Tukizungushie kihisi, jua lisikifikie."

Wakakata, wakafunga. Mlango ukiwa wazi, roboti ilifuata mstari hadi mwisho.

"Kushuku si kosa," alisema Mwalimu Hosiana, "lakini pima kwanza kabla ya kumtaja mtu. Na wewe Loyce, umemchafua mbele ya watu, basi msafishe mbele ya watu."

Loyce akawageukia wenzake. "Clinton hakuharibu kitu. Mimi ndiye niliyekosea." Akainua roboti, akamkabidhi. "Jumamosi uibebe wewe."