Risasi Ndani ya Mlenda

Jumanne, tarehe 19 Agosti, saa tano asubuhi, mjukuu wangu Ruthu alianguka mlangoni. Ana miaka minne. Mwili ulitetemeka, macho yakageuka juu. Mama yake, Emiliana, alipiga yowe. Mtoto alipotulia nilimbeba hadi zahanati. Daktari alisema damu yake imepungua, na sababu lazima itafutwe.

Tunakaa Nzuguni. Nyuma yetu kuna karakana ya kuyeyusha betri chakavu. Uzio wake ni wa mabati. Nilimlalamikia mwenyekiti wa mtaa mara tatu. Akaniambia, "Mzee Matonya, Dodoma na vumbi ni ndugu. Zoea." Viongozi wetu hao. Kutuzoesha shida wanajua.

Daktari aliposikia habari za karakana hiyo, wiki hiyohiyo zahanati ilimleta Hina, mtaalamu wa maabara. Ni binti wa Firoz, muuza vitambaa mjini.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kupima vumbi."

"Marahaba. Baba yako anapima vitambaa, wewe vumbi? Lipo tele, jichotee."

Akacheka. "Nitachota. Ila nataka kujua ndani yake mna nini."

Akaweka pampu ndogo uani. Ilivuta hewa kutwa nzima kupitia karatasi nyeupe. Jioni karatasi ilikuwa ya kijivu.

"Si nilisema? Vumbi hilo."

"Macho yanaona rangi tu, babu. Maabara tuna mashine inayolipiga vumbi mionzi. Kila aina ya madini hujibu kwa alama yake. Chuma kina yake, risasi ina yake."

"Risasi ya bunduki?"

"Madini yenyewe. Yamo kwenye betri. Yakiyeyushwa hupanda na moshi, hushuka na vumbi. Mtoto akiyala, yanaharibu damu na ubongo."

Kisha akauliza Ruthu anakula nini.

"Ugali na mlenda," nikasema. "Mgogo ale nini tena?"

Emiliana akaleta kopo la mlenda, majani makavu yaliyotwangwa.

"Mliuanika wapi?"

"Pale kwenye uzio wa mabati," nikajibu. "Pana joto, siku mbili umekauka. Marehemu mke wangu ndiye aliyeanza."

"Na kabla ya kupika mnauosha?"

Emiliana alicheka. "Dada! Unga wa mlenda uoshwe? Si wote utakwenda na maji!"

Hina hakucheka. Alichota kidogo, akatia kwenye mfuko.

Baada ya siku kumi alirudi na karatasi ya majibu. Alikuwa amepima pia vumbi la Miyuji, mbali na karakana, ili alinganishe. La Miyuji lilikuwa udongo wa kawaida. La kwetu lilijaa risasi. Mlenda pia.

Nikakaa chini. "Kumbe ni mimi niliyemlisha."

"Hukujua, babu."

"Na waliopaswa kujua?"

Alichukua kopo lote aende nalo, tusije tukaumwaga kuku wakaula. Alitufundisha: majani yaoshwe yakiwa mabichi, yaanikwe ndani, yafunikwe kitambaa safi. Tusifagie pakavu, tupige deki kwa tambara lenye maji. Mtoto anawe mikono kila mara kabla ya kula.

Hospitali walimpima Ruthu damu, wakakuta risasi, wakamtibu. Desemba walimpima tena. Risasi katika damu yake ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Hajaanguka tena. Sasa ananifokea, "Babu, hujanawa!" Nami nanawa.

Majibu ya vumbi yalipotoka, Hina aliyasoma pia kwenye mkutano wa mtaa. Safari hii mwenyekiti hakusema tuzoee. Namba zilikuwa mbele yake. Wiki ya pili yake tanuru la karakana lilizimwa. Tulipokutana tena watu walipiga makofi, mwenyekiti naye akapiga, kana kwamba kazi ilikuwa yake.

Nikasimama. "Mwenyekiti, binti anasema risasi haiozi. Moto umezimwa, sawa. Lakini udongo uliojaa risasi bado upo, na watoto wanauchezea. Nani atauondoa?"

Makofi yalikoma. Mwenyekiti alimtazama mtendaji wa mtaa, mtendaji akamtazama mwenyekiti. Mpaka leo nauliza: nani?