Damu Iliyobaki Kwenye Kichupa

Kila asubuhi, kabla dirisha la maabara halijafunguliwa, Apondi alipanga vichupa kwa rangi za vifuniko, akafunga vifungo vyote vya koti lake jeupe, kisha akanywa uji akiwa amesimama. Asubuhi hiyo ya baridi uji haukufika nusu. Nje, kwenye foleni iliyojaa masweta na watoto waliofungwa mablanketi, mtu alianguka kwa kishindo.

Lilikuwa jitu la mwanamume, jaketi la rangi ya chungwa, buti zenye tope la mtaa wa Kapsoya. Alikuwa ameona tu sindano ya aliyemtangulia.

"Unafanya kazi gani?" Apondi alimuuliza alipozinduka.

"Fundi wa stima. Napanda nguzo."

"Na sindano inakuangusha?"

"Nguzo hainidungi, daktari."

"Mimi si daktari. Ni wa maabara tu."

"Basi daktari wa maabara. Naitwa Omollo. Nishike mkono nisianguke tena."

Apondi, ambaye hata kwenye kwaya aliimba akijificha nyuma ya wenzake, alicheka mpaka akaona haya. Wiki iliyofuata walikula mahindi choma pamoja. Kufikia Krismasi Omollo alikuwa akimwita "jaber", mrembo, mbele za watu, naye hakujua uso auweke wapi.

Mwezi wa Machi Omollo alirudi kupimwa afya kwa ajili ya kazi mpya. Apondi alimtoa damu mwenyewe. Jioni, wakati wa kutupa mabaki, kichupa cha Omollo hakikutoka mkononi mwake. Alimkumbuka kaka yake Oketch, aliyelia kwa maumivu ya mifupa hadi ugonjwa wa selimundu ukamchukua akiwa na miaka tisa. Apondi mwenyewe alibeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila kuugua. Je, Omollo? Kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba tayari anawawaza watoto wao, na haya zilimziba kinywa. Akafunga mlango, akapima.

Omollo naye aliibeba. Kila mimba yao ingekuwa na nafasi moja kati ya nne ya kumleta Oketch mwingine.

Kuanzia hapo akaanza kumkwepa. Fomu za ridhaa alizipanga yeye mwenyewe kila Jumatatu. Sasa hata kuzigusa kulimchoma vidole. Alijua siri ya mwili wa mtu, na mwenye mwili hakuijua.

Siku ya kumi na moja, alipokea simu.

"Jaber, mbona unanihepa?"

"Kazi ni nyingi."

"Kazi ama Kiprono wa eksirei? Yule wa kukuletea maziwa ya mursik?"

"Hapana, Omollo. Wacha hiyo."

"Basi niambie nimekosa wapi, niombe msamaha."

Aombe msamaha, yeye! Apondi alikata simu, akalilia kwenye mkono wa koti lake.

Asubuhi alimweleza mkuu wake, Mama Hulda, kila kitu. Hulda alimwandikia barua ya kumsimamisha kazi, akavua miwani. "Mimi nimemalizana nawe. Mwenye damu bado."

Alimpigia Omollo, wakakutana saa nne kwenye hoteli ndogo ya chai. Omollo alikuja na shati la samawati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, kama mtu anayekwenda kutubu. Apondi hakungoja chai.

"Nilipima damu yako bila ruhusa yako." Akamweleza yote: kichupa, mlango, matokeo, Oketch. "Una haki ya kunishtaki."

Omollo aliutazama mkono wake, pale sindano ilipoingia.

"Kwa hivyo uliniibia."

"Nilikuibia."

"Ungeniomba, ningekupa huu mkono. Ningeanguka, lakini ningekupa."

Alisimama, akatembea hadi mlangoni. Apondi hakumwita, hakuona kama ana haki hiyo. Chai ikaletwa, vikombe viwili, vikatoa mvuke. Omollo alisimama pale akiwazuia watu kupita, mpaka mama mmoja akamfokea, "Wee kijana, ingia ama utoke!" Akarudi, akakaa.

"Umeniambia ulichofanya," alisema taratibu. "Hujaniambia kwa nini ulitaka kujua."

Apondi alifumba macho, kama yeye ndiye anayeogopa sindano.

"Kwa sababu nataka unioe, Omollo. Nataka watoto wako. Na naogopa kuwazika."